Sura ya Sita: Kutoka Yale hadi Miritini

Tarehe 31 Mei 2017 treni ya Madaraka Express ilizinduliwa rasmi katika stesheni mpya ya Miritini, jirani na Changamwe, upande wa bara wa Mombasa. Yaliyozungumzwa zaidi siku zile, vibarazani na bungeni, ni mkopo wa Benki ya Exim ya China, nauli, na hatima ya madereva wa matrela waliokuwa wakiishi kwa kubeba makontena kutoka bandari ya Kilindini. Yalistahili kuzungumzwa. Lakini pamoja na mabehewa yale kilifika kitu kingine ambacho watu wachache walikitazama: elimu ya kujenga na kuendesha reli, iliyokuwa imesafiri kwa karibu miaka 150 kabla ya kutufikia.

Elimu hiyo ilichukuliwa Marekani katika karne ya 19 na wavulana wa Kichina, ikajengewa vyuo China, kisha mwaka 2016 ikaanza kufundishwa vijana wa Kenya waliopelekwa Beijing. Nimeifuata njia hiyo kwa sababu inajibu swali linalowahusu wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe kuliko wanavyodhani: mtoto akipata nafasi ya kusoma Marekani au China, nani hasa anafaidika?

Jibu langu ni kwamba anafaidika yeye na jamaa zake, na hilo ni jema. Mtaa wake na nchi yake hufaidika pale tu anaporudi akakuta chuo cha kufundishia wenzake, au akapewa uwezo wa kukijenga. China ilifanya hivyo kwa elimu iliyoichukua Marekani. Bara ya Mombasa bado haijafanyiwa hivyo, na sababu zake ni za kibinadamu, tena zinarekebishika.

Wavulana 120

Mwaka 1854 kijana aitwaye Yung Wing alihitimu Chuo Kikuu cha Yale. Anahesabiwa kuwa Mchina wa kwanza kupata shahada katika chuo kikuu cha Marekani. Aliporudi kwao alilibeba wazo moja kwa miaka mingi, akiwabishia hodi wakubwa wa ufalme wa Qing: serikali ipeleke watoto Marekani, wakae huko miaka 15, wasome hadi chuo kikuu, kisha warudi kulitumikia taifa. Hatimaye alisikilizwa. Mwaka 1872 liliondoka kundi la kwanza la wavulana 30, na kila mwaka hadi 1875 likaondoka kundi jingine la idadi hiyo hiyo, wakawa 120. Makao yao yaliwekwa Hartford, jimbo la Connecticut, na watoto wakagawanywa katika nyumba za wenyeji walioahidi kuwalea kama wao.

Mmoja wa kundi la kwanza alikuwa Zhan Tianyou, mzaliwa wa mkoa wa Guangdong, mwenye umri wa miaka 11. Alilelewa na familia ya mwalimu mmoja, akasoma sekondari mjini New Haven, akaingia Yale mwaka 1878 na kuchagua uhandisi wa ujenzi, akijikita katika reli.

Mpango ule haukufika miaka 15. Habari zilifika Beijing kwamba watoto wanakata misuko ya nywele iliyokuwa alama ya utii kwa mfalme, wanaingia makanisani, wanacheza besiboli na kusahau vitabu vya kale vya kwao. Serikali ya Marekani nayo ilikataa kuwapokea katika vyuo vyake vya kijeshi, jambo ambalo wakubwa wa China walikuwa wamelitegemea. Wakati huo huo chuki dhidi ya vibarua wa Kichina ilikuwa ikipanda katika majimbo ya magharibi ya Marekani, hata mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia wasiingie nchini humo. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, mnamo 1881, ufalme uliwaita wanafunzi wote warudi. Kati ya wote 120, wawili tu walikuwa wamekwisha kupata shahada. Zhan alikuwa mmoja wao.

Na aliporudi, shahada yake ya reli haikutafutiwa kazi ya reli. Alipelekwa katika shule ya wanamaji ya Fuzhou, kisha akawa mwalimu. Ilimchukua hadi mwaka 1888 kuajiriwa na kampuni ya reli huko Tianjin. Miaka saba mhandisi aliyefuzu Yale alikaa akifanya mambo mengine katika nchi iliyokuwa na kiu ya wahandisi. Wasomaji wa Pwani wenye ndugu aliyerudi na cheti cha ng'ambo akakaa nyumbani wataielewa miaka hiyo saba bila kufafanuliwa.

Nafasi yake ilikuja mwaka 1905. Serikali ilitaka reli ya kutoka Beijing hadi Zhangjiakou, safari ya takriban kilomita 200 inayopita katika milima ya Badaling, karibu na Ukuta Mkuu. Waingereza waliitaka kazi hiyo na Warusi pia, na kila upande ulikataa mwenzake apewe. Zhan akateuliwa kuwa mhandisi mkuu, na wageni wengi walisema waziwazi kwamba Mchina hawezi. Pale mlima ulipokuwa mkali mno alitandika reli kwa mtindo wa kwenda na kurudi, treni ikapanda kwa kubadilisha mwelekeo badala ya kuzunguka. Kwenye handaki la Badaling, lenye urefu wa zaidi ya mita 1,000, alichimba mashimo ya wima kutoka juu ya mlima ili wafanyakazi watoboe kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka 1909 reli ilifunguliwa kabla ya muda uliopangwa, kwa gharama ndogo kuliko iliyokadiriwa.

Chuo kilichoifuata reli

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa sifa ya mtu mmoja hodari. Kilichoibadilisha China ni yaliyofanywa pembeni yake.

Mwaka huo huo wa 1909 serikali ilianzisha Beijing shule ya kufundisha usimamizi wa reli. Shule hiyo ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing. Naye Zhan hakuishia kwenye mataruma na madaraja. Alishiriki kuanzisha chama cha wahandisi wa China, na mwaka 1915 akachapisha kamusi ya uhandisi ya Kiingereza na Kichina, ili kijana asiyejua Kiingereza aweze kuifahamu kazi.

Wakati huo ulikuwa umefunguka mlango mwingine wa Marekani. Baada ya vita vya mwaka 1900, China ililazimishwa kuyalipa mataifa ya kigeni fidia kubwa. Marekani ilikubali mwaka 1908 kurudisha sehemu ya fungu lake, kwa makubaliano kwamba fedha hizo zitumike kusomesha Wachina katika vyuo vya Marekani. Kundi la kwanza liliondoka mwaka 1909. Mwaka 1911 ikafunguliwa Beijing shule ya kuwaandaa wanafunzi hao, iitwayo Tsinghua. Shule iliyozaliwa kwa ajili ya kupeleka watoto Marekani iliendelea kukua, ikaanza kutoa elimu ya chuo kikuu mwaka 1925, na leo ni miongoni mwa vyuo vikuu vinavyoheshimiwa zaidi duniani.

Mao Yisheng alipita katika mlango huo. Alikuwa amehitimu uhandisi nyumbani, akafanya mtihani wa Tsinghua, akapelekwa Cornell alikopata shahada ya uzamili mwaka 1917, na mwaka 1919 akapata uzamivu katika taasisi ya Carnegie mjini Pittsburgh. Aliporudi alisanifu daraja la mto Qiantang huko Hangzhou, lililofunguliwa mwaka 1937 likibeba reli na barabara. Kabla ya mwaka huo kwisha ilimbidi alilipue mwenyewe ili majeshi ya Japani yasilitumie, na baada ya vita akarudi kulijenga upya. Baadaye, kuanzia mwaka 1949, Mao Yisheng akawa mkuu wa Chuo cha Jiaotong cha Beijing.

Hapa ndipo kamba inapofika Miritini. Mwaka 2016 kampuni ya China Road and Bridge Corporation, iliyokuwa ikijenga reli ya Mombasa hadi Nairobi, ilifadhili kundi la kwanza la Wakenya 25 kwenda kusomea uhandisi wa reli na fani zinazohusiana nayo. Mpango ulikuwa wa kufikisha 100 kwa awamu. Chuo walichopelekwa ni Jiaotong cha Beijing, chuo kilichozaliwa mwaka ambao Zhan alimaliza reli yake, na ambacho kiliwahi kuongozwa na mwanafunzi wa Cornell na Carnegie. Wakenya wale walikwenda kusoma kwa watu ambao walimu wa walimu wao walikuwa wanafunzi wa Marekani.

Reli mbili za Changamwe

Changamwe haikuanza kuona reli mwaka 2017. Waingereza walianza reli ya Uganda mjini Mombasa mwaka 1896, wakavuka Makupa, wakapita Changamwe, na Desemba 1901 wakafika Ziwa Victoria mahali panapoitwa leo Kisumu. Waliijenga kwa mikono ya zaidi ya vibarua 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini.

Linganisha miaka. Reli ya Uganda ilikamilika mwaka 1901, reli ya Zhan mwaka 1909. Ni rika moja. Zote mbili zilikuwa mikondo ya chuma iliyopita katika nchi za watu waliodharauliwa na mataifa yenye nguvu. Tofauti ni kwamba ile ya China ilibuniwa na mwana wa nchi, ikaacha nyuma yake shule, chama cha wahandisi na kamusi. Ile iliyopita Changamwe ilibuniwa London kwa mahitaji ya London. Kwa miongo mingi Mwafrika aliyeajiriwa relini alikuwa wa kupakia, kuchochea moto na kupangusa, na daraja la uhandisi lilikuwa la watu wengine. Karakana zilikuwepo, kazi zilikuwepo, familia nyingi za Changamwe zilisomesha watoto kwa mshahara wa reli na bandari. Chuo kikuu cha reli hakikuwepo Changamwe wakati huo, wala hakipo leo.

Reli ya pili ilipokuja, iliahidi zaidi. Vijana walipelekwa Beijing, na madereva wa treni, wakiwemo wanawake wa kwanza wa Kenya kuendesha treni hizo, wakapelekwa China kufundishwa. Lakini kusomesha ni jambo moja na kukabidhi usukani ni jingine. Julai 2018 gazeti la The Standard liliripoti malalamiko ya wafanyakazi Wakenya waliosema wanabaguliwa na kwamba wenzao Wachina ndio wanaoachiwa kuendesha. Ripoti ile ilizua mjadala mkali nchini. Tangu hapo shirika la Kenya Railways limekuwa likichukua majukumu ya uendeshaji kidogo kidogo kutoka kwa kampuni ya Kichina iliyokuwa ikiyafanya.

Wakati huo huo agizo la mwaka 2019 la kusafirisha makontena yote kwa reli hadi bara ya juu liliwatoa watu mitaani Mombasa kuandamana. Waliopoteza walikuwa wa Changamwe, Miritini na Mikindani: madereva, matingo, mafundi wa magurudumu, akina mama wa vibanda vya chakula karibu na yadi za makontena. Serikali mpya ililibatilisha agizo hilo mwaka 2022. Ninalitaja hapa kwa sababu linaeleza kwa nini habari ya ufadhili wa Beijing haikushangiliwa sana mitaani. Aliyepoteza riziki kwa sababu ya reli hafarijiki kwa kuambiwa kwamba kijana wa kaunti nyingine, asiyemjua, anasomea reli hiyo hiyo mbali. Angefarijika kama mwanawe angeweza kutoka nyumbani asubuhi, kwa matatu, akaenda kuisomea Miritini.

Chuo kilichohama Kisauni

Kuna watakaosema kwamba elimu ya kuvuka bahari ni jambo geni upande huu. Waende Freretown, Kisauni.

Katikati ya karne ya 19 manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa na kuwapeleka baadhi ya waliookolewa Bombay. Watoto wengi miongoni mwao walisomeshwa Nasik, ambako walijifunza kusoma, useremala, uhunzi na lugha. Mmishonari William Salter Price, aliyekuwa akiiongoza shule hiyo, alikuja Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, na Freretown ikaanzishwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Vijana waliosomea India waliletwa kuwa walimu na mafundi. Kwa lugha ya leo, Kisauni ilipokea wahitimu kutoka ng'ambo ya bahari miaka 140 kabla ya kijana wa kwanza kupelekwa Beijing kwa ajili ya reli.

Na hapo hapo Freretown, mwaka 1903, Kanisa la Kianglikana lilianzisha shule ya kufundisha wachungaji. Ilikuwa elimu ya juu, kwa kipimo cha wakati wake, iliyokuwa ikitolewa katika ardhi ya Kisauni. Mwaka 1930 shule hiyo ilihamishiwa Limuru, karibu na Nairobi. Huko ilikua hadi ikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Limuru ilipata chuo kikuu; Kisauni ilibaki na kengele ya Freretown na kanisa.

Jirani yake, kisiwani, mambo yalikwenda vizuri zaidi. Taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoanzishwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1940, ambako Profesa Ali Mazrui alifanya kazi kabla ya kwenda Manchester, Columbia na Oxford, iligeuka chuo cha ufundi, ikawa politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kiko Tudor. Mazrui mwenyewe alifundisha Makerere, kisha Michigan na Binghamton, na alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa kuzikwa. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini tujiulize tunamrudisha msomi wetu akiwa na umri gani, na kwa kazi gani.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Kisiwani, yaani Mvita, walikuwa 154,171. Waliosalia, zaidi ya milioni moja, wako bara: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Chuo kikuu cha umma cha kaunti kimejengwa walipo wachache. Kijana wa Likoni anayesoma Tudor huanza masomo yake ya siku kwenye foleni ya feri.

Mlango wa Marekani

Kenya ilijifunza mapema kwamba milango ya masomo hufunguliwa na siasa. Mwaka 1959 Tom Mboya alikusanya fedha kwa Wamarekani, akisaidiwa na watu mashuhuri kama Jackie Robinson na Harry Belafonte, na mwezi Septemba ndege ikawabeba wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikwenda Kansas kwa mpango huo. Oginga Odinga naye aligeukia upande wa pili, akazuru China mwaka 1960, na akatafutia vijana nafasi za masomo katika nchi za kijamaa. Mataifa makubwa yalikuwa yakigombea akili za vijana wetu, na vijana wetu walizitumia nafasi hizo kwa busara.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa maseneta Kennedy na Lugar, ujulikanao kwa kifupi YES. Huwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Kenya ikiwemo, na vijana wa Pwani wamenufaika nao. Mwanafunzi hukaa mwaka mmoja wa masomo na familia ya Kimarekani, kama Zhan alivyokaa Connecticut. Akimaliza, masharti ya viza humtaka arudi kwao akae angalau miaka miwili. Masharti hayo yananifurahisha. Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna aliyeandaa cha kufanya katika miaka hiyo miwili.

Tusitegemee kwamba milango itabaki wazi. China na Marekani zenyewe zinatufundisha. Baada ya kurejesha uhusiano mwaka 1979 zilifungua ushirikiano mkubwa wa vyuo: kituo cha Johns Hopkins na Chuo Kikuu cha Nanjing kilianza mwaka 1986, na Chuo Kikuu cha New York kikafungua tawi Shanghai lililopokea wanafunzi mwaka 2013. Wanafunzi wa Kichina nchini Marekani walifika 372,532 katika mwaka wa masomo wa 2019/20. Kisha uhusiano ukachafuka. Mwaka 2020 Marekani ilisitisha ufadhili wa Fulbright kwa China. Kufikia 2023/24 wanafunzi wale walikuwa wamepungua hadi 277,398. Januari 2025 Chuo Kikuu cha Michigan kilitangaza kuvunja ushirikiano wake wa takriban miaka 20 na Chuo cha Jiaotong cha Shanghai. Mwezi Mei mwaka huo huo Marekani ilisimamisha kwa wiki kadhaa upangaji wa miadi mipya ya viza za wanafunzi kutoka duniani kote, na wanafunzi wa Kenya waliokuwa na barua za kukubaliwa vyuoni wakakaa wakisubiri.

China haikutetereka sana na mitikisiko hiyo, na sababu ni Tsinghua, Jiaotong na vyuo vingine vingi vilivyojengwa zamani kwa elimu iliyotoka nje. Mlango wa Marekani ukifungwa, mwanafunzi wa Beijing anaendelea na somo. Mlango ukifungwa, mwanafunzi wa Kisauni anarudi kukaa kijiweni.

Mwenyeji anayeshika funguo

Tuna mfano wa kwetu unaoonyesha kwamba yawezekana kushirikiana na pande zote mbili bila kupoteza kilicho chetu. Ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu wa Taasisi ya Akiolojia ya Majini, yenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Texas A&M, walipiga mbizi mbele ya Fort Jesus kuchunguza mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mwaka 1697 Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Vitu walivyoviopoa viko ngomeni Mombasa, na mtoto wa shule kutoka Likoni anaweza kwenda kuvitazama. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking walikuwa wakichimba Mambrui, kaskazini ya Malindi, wakapata sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, aliyemtuma baharia Zheng He katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2013, katika kisiwa cha Manda, timu iliyoongozwa na Mkenya Chapurukha Kusimba, wakati huo akiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, pamoja na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois, ilipata sarafu ya enzi hiyo hiyo. Wachina na Wamarekani, kila mmoja kwa njia yake, walifika kwenye ushahidi wa aina moja, na wote walipitia mlango wa mwenyeji mmoja.

Kusimba alifanya kazi kwa miaka mingi pia Mtwapa, ng'ambo tu ya hori linalotenganisha Kisauni na Kilifi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Mtwapa ikiwemo, uliofanywa na Kusimba na wenzake pamoja na maabara ya David Reich wa Harvard. Ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanawake wa Kiafrika na wanaume waliotoka zaidi Uajemi walianza kuoana, wakawa mababu wa wengi waliokaa miji hiyo. Kilichotakiwa hapo ni maabara za mbali, na pia sheria ya urithi wa taifa, kibali, makumbusho ya kuhifadhi vitu, na Mkenya mwenye elimu ya kuongoza kazi kwenye ardhi yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini mwenyeji hupona akiwa ana nyumba na funguo zake mkononi.

Ya kudai

Upande wa bara una miradi mikubwa kuliko wakati wowote katika historia yake. Reli iko Miritini. Gati jipya la mafuta la Kipevu lilijengwa na kampuni ya Kichina likazinduliwa mwaka 2022. Barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa na makampuni ya China na Japani, sasa inaunganisha Miritini na upande wa Likoni bila feri, na huko Dongo Kundu eneo maalumu la kiuchumi linaandaliwa. Kila mradi ulihitaji wahandisi, wapimaji, mafundi wa umeme na wataalamu wa udongo, na kila mradi ni darasa ambalo hatukuingia.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayadai kwa niaba ya watoto ninaowaona wakivuka kwenda shule kila asubuhi.

La kwanza, kila mkataba wa mradi mkubwa utaje walimu. Ikiwa vijana 100 wanasomeshwa ng'ambo, sehemu yao wasomeshwe hadi kiwango cha kufundisha, na kazi ya kufundisha iwe inawangoja wanaporudi. Zhan alipotezewa miaka saba. Tusimpotezee miaka hiyo kijana wetu hata mmoja.

La pili, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kisaidiwe kufungua bewa la uhandisi wa reli, bandari na barabara upande wa bara, karibu na Miritini au Dongo Kundu, lenye maabara na karakana ya kweli. Vyuo vya Beijing na vya Marekani vialikwe kuleta wahadhiri wao hapo na kupokea wetu kwao, kwa hati moja ya makubaliano inayosomeka Kiswahili kama inavyosomeka Kiingereza na Kichina. Tusichague upande. Elimu ya Yale ilimfaa Zhan, na ya Jiaotong inawafaa Wakenya wale.

La tatu, ufadhili utangazwe mitaani. Tangazo lililobandikwa ofisini Nairobi kwa wiki mbili halimfikii msichana wa Mtongwe mwenye alama nzuri za fizikia katika KCSE. Litangazwe shuleni, misikitini na makanisani, na shule za bara zipewe walimu wa fizikia na hisabati wa kuwafikisha watoto kwenye alama hizo.

Hakuna katika haya linalosubiri Washington na Beijing zipatane. Yanasubiri sisi tuulize. Siku mradi mwingine utakapokuja kuzinduliwa Likoni, Kisauni au Changamwe, kabla ya makofi na kabla ya utepe kukatwa, wananchi wawaulize waziri, mkandarasi na mbunge wao kwa sauti moja: mwalimu wa kazi hii atafundisha wapi, kuanzia lini, na nani atamlipa?